Daftari la mwaka: kuandika unachosoma na kukizungumza na wenzako

Kumbukumbu za usomaji hufanya kazi mbili, na wengi huishia kwenye ile nyepesi: kuhesabu vitabu na kurasa. Kazi ya pili ni kuhifadhi kile ambacho kitabu kilikufanyia siku ulipokisoma, kwa maneno ambayo mtu mwingine anaweza kuyajibu. Hesabu hufurahisha Januari na Desemba. Katikati ya mwaka haikusaidii kitu pale mwenzako anapokuuliza, "Wewe yule mama mkwe ulimwonaje?" nawe huna la kusema ila kwamba kitabu kilikuwa kizuri. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kazi ya pili. Ukiifanya hiyo vizuri, hesabu utaipata bila kuisumbukia.

Daftari, jedwali au programu

Daftari la karatasi linatosha kabisa. Chukua kaunta buku ya kwaya mbili, yenye kurasa 192, na uzipe kurasa namba mwenyewe kabla hujaandika chochote. Kurasa 12 za mwanzo ziwe za orodha: namba ya kitabu, jina lake, tarehe uliyomaliza, na ukurasa ambako maelezo yake yapo. Kurasa 10 za mwisho ziwe za kuazimana. Katikati zinabaki kurasa 170, yaani nafasi ya vitabu vipatavyo 84 ukikipa kila kimoja kurasa mbili zinazotazamana. Wa kushoto ni wa taarifa za kitabu, wa kulia ni wa mawazo yako. Vidaftari vya mfukoni viepuke: nafasi ndogo humfanya mtu aandike maneno matatu, na maneno matatu baada ya miezi sita hayana maana tena.

Sehemu ya kuazimana usiidharau. Andika kitabu, aliyekichukua, tarehe, na siku mliyokubaliana kirudi. Vitabu vingi havipotei kwa hila. Aliyeazima amesahau, nawe umesahau ulimpa nani.

Ukipenda simu, fungua jedwali la Google na uweke safuwima kwa mpangilio huu: A kichwa, B mwandishi, C mtafsiri, D mwaka wa toleo la kwanza, E lugha, F nilikopata, G kurasa, H hali, I nilianza, J nilimaliza, K hukumu. Tarehe ziandikwe kwa umbo moja, mwaka kwanza: 2026-03-14. Ukiandika leo "14 Machi" na kesho "mwisho wa Machi", jedwali halitaweza kuzipanga. Kwenye safuwima H ruhusu maneno matatu tu: Nasoma, Kimeisha, Nimekiacha, na yaweke kama orodha ya kuchagua badala ya kuyaandika kila mara. Sababu ni ya kiufundi: fomula ya kuhesabu huona "Kimeisha" na "Kimekwisha" kuwa vitu viwili, na hata nafasi tupu iliyojificha mwishoni mwa neno huharibu hesabu. Faili uliruhusu lifunguke bila mtandao, ili bando likiisha usiache kuandika.

Programu za wasomaji kama Goodreads na StoryGraph zina faida ya kukukutanisha na watu wa mbali, lakini msomaji wa Kiswahili atakumbana na tatizo moja mara kwa mara: kitabu hakimo, au kimo kwa jina lililokosewa, au mwandishi amegeuzwa majina. Ingiza mwenyewe kwa mkono ukitumia namba ya ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, iliyo nyuma ya kitabu au kwenye ukurasa wa hakimiliki. Nyingi za vitabu vya Tanzania huanza na 978-9976 au 978-9987, na vya Kenya mara nyingi 978-9966. Kitabu cha kabla ya 2007 kitakuwa na namba yenye tarakimu 10. Usiigeuze kwa kubandika 978 mbele tu, maana tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki na hubadilika pia; iingize ilivyo, au tafuta mahali pa kuigeuza mtandaoni. Vitabu vya zamani zaidi havina namba kabisa, na hapo jina la kitabu, mchapishaji na mwaka vinatosha.

Njia inayofaa zaidi ni kuchanganya: daftari kwa mawazo, jedwali kwa hesabu. Programu iwe nyongeza kwa anayetaka.

Kabla ya kusoma

Taarifa za kitabu zijazwe siku unapokifungua. Dakika tano zinatosha, na ukisubiri umalize huenda kitabu kikawa kimesharudi kwa mwenyewe.

Mwaka wa toleo la kwanza ni muhimu kuliko mwaka wa nakala uliyoishika. Shaaban Robert alifariki 1962, lakini *Utubora Mkulima* na *Siku ya Watenzi Wote* zilitoka 1968, na nakala zilizopo madukani leo zina miaka ya karibuni zaidi. Anayeandika mwaka wa nakala peke yake atafika Desemba akidhani amesoma vitabu vipya, kumbe alikuwa miaka ya hamsini na sitini mwaka mzima. Mtafsiri naye apewe safuwima yake. *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah iliandikwa kwa Kiingereza na kutoka 1994. Kiswahili unachokisoma humo, kilichochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, ni cha Ida Hadjivayanis. Mkibishana kikundini kuhusu uzuri wa sentensi fulani, lazima mjue mnazungumza kazi ya nani.

Andika pia ulikokipata: umenunua, umeazima kwa fulani, ni cha maktaba ya mkoa, ni zawadi. Safuwima hii huonekana ya kitoto, lakini mwisho wa mwaka ndiyo inayokuonyesha ni nani hasa anayekulisha vitabu.

Wakati wa kusoma

Hapa ndipo daftari linapopata thamani yake. Simama kila baada ya kurasa 50, au mwisho wa sura kama sura ni ndefu, na uandike vitu vitatu kwenye ukurasa wa kulia.

Kwanza, sentensi moja iliyokugusa au kukuudhi, ikinakiliwa neno kwa neno pamoja na namba ya ukurasa. Usiifupishe. Sentensi iliyofupishwa huwezi kuisoma mbele ya wenzako, na bila namba ya ukurasa mtatumia robo saa kuitafuta.

Pili, swali moja ambalo kitabu hakijakujibu. "Kwa nini baba hakurudi?" ni swali zuri. "Mwandishi ana maana gani?" halimsaidii mtu, kwa kuwa haliko mahali popote ndani ya kitabu.

Tatu, unachodhani kitatokea. Hiki ndicho watu hukiruka, na ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote. Ukishaujua mwisho wa hadithi, huwezi tena kukumbuka ulivyokuwa huujui. Akili inajipanga upya na kukuambia ulishang'amua tangu mwanzo. Dhana iliyoandikwa ukurasa wa 100 itakuonyesha mahali mwandishi alipokupotosha kwa makusudi, na wakiwapo watu wanane wenye dhana nane tofauti, hayo ni mazungumzo ya jioni nzima.

Maneno mageni yaandikwe pamoja na sentensi yake. Riwaya za waandishi wa Unguja, Pemba na Mombasa zina maneno ambayo msomaji wa Mwanza au Nairobi hatayapata upesi kwenye kamusi, au atayapata kwa maana isiyolingana na hadithi. Yapeleke kikundini. Mara nyingi yupo mtu aliyekua pwani ambaye atalifafanua neno kwa mfano wa jikoni kwao, na ufafanuzi huo nao uuandike.

Penseli ndani ya kitabu ni ruhusa kama kitabu ni chako. Cha maktaba au cha kuazima, weka vipande vya karatasi na uvitoe kabla ya kukirudisha.

Baada ya kumaliza

Andika ndani ya saa 24. Mistari mitano hadi minane, na muhtasari wa hadithi usiwemo: wenzako wamekisoma kitabu hicho hicho. Andika mhusika ambaye ungependa kugombana naye, mahali ulipochoka na sababu, dhana ipi ilitimia na ipi ilikuangusha.

Nyota tano ziache. Watu wengi hutoa nne kwa karibu kila kitabu, na ifikapo Septemba nyota hizo hazitofautishi chochote. Tumia herufi tatu: R kwa kitabu utakachokirudia, M kwa kitabu utakachompa mtu, na T kwa kilichokutosha. Ukiandika M, taja jina la mtu huyo. Kumfikiria msomaji mmoja unayemjua hukulazimisha useme kitabu kinamfaa kwa lipi, na hiyo ni tathmini ya kweli kuliko nyota.

Kitabu ulichokiacha nacho kiandikwe, pamoja na ukurasa ulipoachia na sababu moja. "Herufi ndogo mno, macho yaliuma" ni sababu halali, na haimhusu mwandishi. Ukizikuta sababu kama hizo tano kwenye daftari, tatizo ni taa au miwani.

Mashairi yana utaratibu wake. Diwani haisomwi kama riwaya kutoka jalada hadi jalada, kwa hiyo usiihesabu kwa kurasa. Andika kichwa cha shairi na namba ya ubeti. Tenzi zinataka sauti. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa 1858, una beti zipatazo mia moja, na ukisomwa kwa zamu ubeti kwa ubeti humalizika ndani ya nusu saa. Anayeusoma kimya peke yake hukosa vina na mizani, yaani nusu ya kazi. Tamthilia nazo mgawane wahusika na msome onyesho moja kwa sauti kabla ya kuanza kujadili.

Lengo linalobebeka

Malengo ya vitabu 52 huvunjika, au yakitimia hutimia kwa vitabu vyembamba vilivyochaguliwa kwa wembamba wao. Piga hesabu kwa kurasa. Kurasa 15 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni kurasa 3,900 kwa mwaka. Riwaya yenye kurasa 180 ikiwa ndiyo kipimo, hivyo ni vitabu 21. Siku mbili za wiki zimeachwa wazi kwa makusudi, kwa ajili ya misiba, safari, harusi na uchovu, ambavyo vipo kila mwaka na havimtaki mtu ajilaumu.

Kikundi

Watu sita hadi wanane ni idadi nzuri. Chini ya watano, wawili wakipata udhuru hakuna kikao. Zaidi ya kumi, wapo watakaokuja miezi mitatu bila kufungua mdomo. Mnahitaji wenye majukumu wawili: mwongoza mazungumzo, anayebadilika kila mwezi, na katibu, ambaye ni bora akae mwaka mzima ili kumbukumbu ziwe na mkono mmoja.

Kuchagua vitabu kwa kura kwenye WhatsApp huonekana kuwa haki, lakini kitabu chenye jina kubwa hushinda kila mara na mwaka unapita mkisoma ambavyo wengi walishavisoma shuleni. Afadhali zamu: kila mwanachama ana mwezi wake, anachagua atakacho, na wenzake wanaweza kukipinga kwa sababu mbili tu, kwamba hakipatikani au kinazidi bei mliyokubaliana tangu mwanzo. Pangeni vitabu 10 kwa miezi 12. Desemba iwe ya kutazama mwaka. Mwezi mwingine ni wa Ramadhani, ambayo husogea mapema kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo itazameni kwenye kalenda kabla ya kugawa zamu. Mwezi huo chagueni tenzi au diwani fupi na mkutane baada ya tarawehe, au msikutane kabisa.

Kupatikana kwa kitabu ndiko kunakoua vikundi vingi kuliko uvivu. Riwaya iliyo kwenye mtaala iko kila duka. Ikishatoka kwenye mtaala, inaweza kutoweka. Aliyechagua athibitishe wiki sita kabla kwamba nakala zipo, akusanye fedha, na kama mpo mikoani aagize zote kwa pamoja zije na basi, maana gharama ya mzigo mmoja mtagawana. Nakala zikipungua, wawili washirikiane moja, kila mmoja wiki mbili. Kupiga picha kitabu kizima na kukirusha kwenye kundi ni kumnyima mwandishi jasho lake, na waandishi wa Kiswahili hawana jasho la ziada la kupoteza.

Mnapogawa kitabu kwa wiki, gawanyeni kwa sura, kamwe si kwa kurasa. Matoleo hutofautiana ukubwa wa herufi, na ukurasa wa 90 wa mmoja huwa ni wa 112 wa mwingine. Kila ujumbe kwenye kundi uanze na sura kwa herufi kubwa, "SURA YA 7", ili aliye nyuma aupite bila kutobolewa siri. Ujumbe wa sauti usizidi dakika mbili, tena uje na mstari mmoja wa maandishi unaosema unahusu nini, kwa sababu sauti haitafutiki baada ya wiki. Zimeni mpangilio wa ujumbe unaojifuta. Kundi la wasomaji linahitaji kumbukumbu zake.

Siku ya mazungumzo

Dakika 90 zinatosha. Anzeni kwa kila mmoja kusoma sentensi aliyoinakili, bila maelezo, dakika moja kwa mtu. Karibu kila mara sentensi mbili zitagongana, au watu wawili watakuwa wamenakili ile ile kwa sababu zinazopingana. Mwongozaji aanzie hapo. Kisha njooni kwenye dhana za katikati ya kitabu, halafu maswali. Dakika 10 za mwisho ni za herufi R, M na T, na za kutangaza kitabu kijacho.

Hatari kubwa kwetu ni darasa. Wengi wetu tulifundishwa riwaya kwa ajili ya mtihani: fani, maudhui, dhamira, migogoro, ujumbe. Mtu akianza na "mwandishi anataka kutuonyesha kuwa", kikao hugeuka marudio ya kidato cha nne, aliyesoma fasihi chuoni anafundisha na wengine wanaitikia. Wekeni kanuni kwamba nusu saa ya kwanza istilahi hizo hazitumiki. Ulizeni kuhusu maamuzi ya wahusika: "Ungekuwa wewe, ungemfungulia mlango?" Baadaye istilahi zikihitajika zitarudi kwa faida yake, mbinu rejeshi, kwa mfano, yaani kuirudisha hadithi nyuma kwenye mambo yaliyopita, inaeleza vizuri kwa nini sura ya tatu iliwachanganya nusu ya waliohudhuria.

Heshima nayo inahitaji mpango. Akiwepo mzee au mwalimu, akasema la kwake mwanzo, vijana hawatampinga hata wakiwa na hoja. Mwongozaji amwendee kabla ya kikao: "Mwalimu, tunaomba leo utusikilize kwanza, kisha utufungie mzunguko." Akiombwa hivyo, hachukulii kuwa amenyamazishwa, na mwishoni anakuwa na mengi ya kujibu.

Ambaye hajamaliza kitabu aruhusiwe kuja, kwa sharti aseme amefika sura ya ngapi na akubali kwamba mwisho utazungumzwa. Mkimzuia atakaa nyumbani mwezi huo na ujao. Ila wakiwa zaidi ya nusu hawajamaliza, ahirisheni kwa wiki moja, maana kikao cha watu wasiosoma huishia kwenye siasa na mpira.

Katibu aandike mistari 10 tu: tarehe, kitabu, waliokuwepo, mabishano mawili makuu na nani alisimama wapi, sentensi moja iliyosomwa, swali lililobaki. Aibandike juu ya kundi. WhatsApp huruhusu ujumbe ukae hapo hadi siku 30, yaani mpaka kikao kinachofuata.

Desemba

Kwenye jedwali, fomula tatu zinatosha. =COUNTIF(H:H,"Kimeisha") inakupa idadi ya vitabu. =SUMIF(H:H,"Kimeisha",G:G) inajumlisha kurasa. =COUNTIFS(H:H,"Kimeisha",E:E,"Kiswahili") inakuambia vingapi vilikuwa vya Kiswahili. Ikikataa, badilisha mkato kwa nukta-mkato, kwani mipangilio ya nchi ya baadhi ya majedwali hutaka hivyo.

Kisha acha jedwali, ushike daftari, usome kurasa za kulia zote kwa mkupuo mmoja. Tafuta swali lililojirudia katika vitabu visivyohusiana. Mtu anaweza kukuta ameuliza kuhusu baba aliyeondoka mara tano katika riwaya tano, bila kujua kwamba alikuwa akilifuata jambo hilo mwaka mzima. Hilo ndilo la kupeleka kwenye kikao cha mwisho, pamoja na kitabu kimoja ulichokiacha na unachotaka kushawishiwa ukirudie.

Kabla ya kufunga mwaka, pitia kurasa za kuazimana na uwapigie simu wenye vitabu vyako, na urudishe vya watu. Hifadhi nakala ya jedwali kwa jina la mwaka, kisha futa data kwenye nakala mpya na ubakize vichwa vya safuwima. Kitabu ulichokianza Desemba na hujakimaliza kihamishie kwenye daftari jipya na tarehe yake ile ile ya kuanza. Kitahesabiwa mwaka utakaokimaliza.